Redio Yako Yala Chakula Gani?



Nimepata barua ya mkulima mmoja wa upande wa Meru, naye aniuliza neno ambalo wengine wenu mmekwisha kuniuliza kwa mdomo. Asema anayo redio nzuri, na akiitia mawe husema kwa sauti safi kabisa. Lakini akiiunga katika stima kwa kile kisanduku kidogo cha ukutani, sauti hutoka na mvumo chini yake, kama nyuki walio ndani ya mzinga. Ameipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimwambia redio ni mbovu. Wa pili akasema redio ni nzima, ila stima ya kijijini ndiyo mbaya. Amewalipa wote wawili na nyuki hawajahama. "Bwana Karani," aandika, "nimwamini yupi?"

Namjibu kwamba asimwamini hata mmoja. Redio inayosema vizuri kwa mawe haiwezi kuwa mbovu kwa kiasi hicho, na stima ya kijijini ni ileile iliyomo Nairobi. Kosa limo katikati, katika kile kisanduku ambacho mafundi wote wawili hawakukifungua. Nami kwa kuwa niliwahi kuteketeza redio ya mzee wangu kwa kisanduku cha namna hiyo, naona jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu.

Kwanza yafaa tujue kwamba sauti itokayo katika spika si ile iliyosafiri hewani. Iliyosafiri hewani ni ishara dhaifu mno, haiwezi kutikisa hata unyoya wa kuku. Kazi ya redio, na ya kila mashine ya kukuza sauti, ni kuchukua nguvu ya betri au ya stima na kuifinyanga kwa mfano wa ile ishara. Ishara ni mikono ya mfinyanzi, na nguvu ya umeme ndiyo udongo. Udongo ukiwa na changarawe, chungu nacho kitakuwa na changarawe, hata mfinyanzi awe hodari namna gani. Ndiyo sababu mtu aweza kununua redio ya bei kubwa akaisikia vibaya kuliko ya jirani yake ya bei ndogo.

Udongo ulio safi kuliko wote ni ule wa mawe. Alessandro Volta wa Italia alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, naye Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866 akavumbua namna ambayo kutokana nayo yalitoka mawe tunayoyajua. Jiwe la kawaida ni mkebe wa zinki, na katikati yake kimesimama kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi uliolowana kidogo. Zinki huliwa polepole, na katika kuliwa kwake hutoa umeme wa volti 1.5, umeme wa kwenda njia moja tu, usiotetema wala kuvuma. Ukiyapanga mawe manne mkia kwa kichwa wapata volti 6. Sita, wapata 9. Redio ikipewa nguvu hiyo haina cha kulalamikia.

Wa kulalamika ni mwenye mfuko. Jiwe kubwa la tochi la namna ya bei rahisi lina nguvu kama wati nane kwa saa moja, si zaidi sana. Uniti moja ya stima, ile inayoandikwa katika mita, ni wati elfu moja kwa saa moja. Basi uniti moja ya stima ni sawa na mawe makubwa zaidi ya mia moja! Chukueni bei ya jiwe dukani kwenu mzidishe kwa mia, kisha muitazame bei ya uniti. Hakuna chakula kilicho ghali kama hicho. Lakini redio ndogo isiyosema kwa kelele hula kidogo sana, na mawe mawili makubwa huweza kuilisha saa mia moja na zaidi; kwa hiyo kwa mtu asikilizaye habari za jioni na salamu za asubuhi, mawe bado yana faida yake. Mwenye kutaka muziki mchana kutwa dukani, huyo atafute njia nyingine.

Mambo mawili kuhusu mawe watu huyafanya kila siku na huwatia hasara. La kwanza ni kuchanganya mapya na makuukuu. Mtu huona mawe manne yamechoka, hununua mawili, hudhani ameokoa nusu ya fedha. Kumbe yale makuukuu yakiisha kabisa, mapya huendelea kuyasukumia umeme kwa nguvu, na yale yaliyokufa hugeuka kuwa mzigo, kisha hutoboka. La pili ni kuyaacha redioni wakati redio haitumiki. Nimesema kwamba mkebe wenyewe ndio unaoliwa. Ukiliwa mpaka ukatoboka, maji makali hutoka na kula vile vyuma vya kushikia. Redio nyingi zilizotupwa ati zimekufa hazina ugonjwa ila ukungu wa kijani katika vyuma hivyo, nao huondolewa kwa siki kidogo na kitambaa, kisha vyuma vikakaushwa vizuri.

Wazee wetu waliosikiliza redio za zamani, zile za taa za vioo ndani, walikuwa na taabu kubwa zaidi. Redio hizo zilitaka umeme wa namna mbili kwa wakati mmoja: volti chache za kuwasha nyuzi za taa, na volti 90 au karibu ya hapo za kufanya kazi yenyewe. Betri ya volti 90 ilikuwa mawe madogo 60 yaliyofungwa pamoja katika pakiti moja, na bei yake ilimtoa mtu jasho. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 ni Zambia, kituo cha redio cha Lusaka kiliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio rahisi kwa ajili ya Waafrika. Iliundwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5, na betri yake kubwa, iliyonunuliwa kwa fedha mbali, iliweza kuendesha redio kama saa 300. Hapo ndipo palipokuwa na akili: waliotengeneza redio ile waliihesabu betri kabla ya kuihesabu redio, maana walijua kwamba mtu hununua redio mara moja, lakini huilisha maisha yake yote.

Kisha ikaja transista, iliyovumbuliwa Marekani katika maabara za Bell mwishoni mwa mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista ikauzwa huko huko mwaka 1954. Transista haitaki nyuzi ziwashwe wala haitaki volti 90. Mawe manne yamtosha. Watu husema transista ilileta redio ndogo, nayo ni kweli, lakini kwa mtu wa shamba ilileta jambo kubwa zaidi, nalo ni chakula cha bei nafuu.

Sasa twende kwa stima, tumjibu bwana wetu wa Meru. Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240, nayo haiendi njia moja. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Redio haiwezi kuila hivyo. Kwa hiyo kisanduku kina kazi tatu. Kwanza hushusha volti 240 mpaka 9 au 6. Hiyo ni kazi ya transfoma, nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja. Pili hugeuza huko kwenda na kurudi kuwe kwenda tu. Hiyo ni kazi ya daiodi, ambazo ni kama milango ifunguayo upande mmoja. Lakini umeme upitao katika milango hiyo hutoka kwa mapigo, kama maji ya pampu ya mkono: pu, pu, pu, mapigo 100 kila sekunde. Basi kazi ya tatu ni kuyalaza mapigo hayo, nayo hufanywa na kapasita, ambayo ni kama pipa lililowekwa chini ya pampu. Pampu humimina kwa mapigo, lakini mfereji utokao chini ya pipa hutoka sawasawa.

Pipa likiwa dogo mno, au likivuja, mapigo yale 100 hupita mpaka ndani ya spika, na masikio huyasikia kama mvumo mzito. Hao ndio nyuki wa Meru. Vile visanduku vya bei ya chini sana mara nyingi vina pipa dogo kwa sababu kapasita kubwa ni ghali. Na hata kapasita iliyokuwa njema hukauka kwa miaka na joto, ndipo redio kuukuu ya stima iliyokuwa kimya huanza kuvuma uzeeni. Fundi mwema huijua dalili hiyo mara moja: punguza sauti mpaka mwisho, na kama mvumo unabaki palepale, si kituo, si hewa, ni kapasita.

Kuna ubaya mwingine wa visanduku hivi vizito vya transfoma, nao haujulikani na wengi. Kisanduku kisicho na kidhibiti ndani yake, kimeandikwa volti 9, lakini volti 9 hizo hupatikana tu wakati chombo kinapokula umeme wote ulioandikwa hapo. Chombo kikila kidogo, volti hupanda. Nimepima kimoja kilichoandikwa 9 nikakuta karibu 13. Kwa redio kubwa si kitu. Kwa kiredio kidogo ni kumlisha mtoto mchanga sahani ya mtu mzima.

Hapo nakumbuka aibu yangu. Baba yangu alikuwa na redio ya mawe sita, aliyoitunza kama mtu atunzavyo cheti cha shamba. Stima ilipofika nyumbani kwetu, mimi, msomi wa nyumba, nilitaka kumpunguzia gharama ya mawe. Nikaenda mjini nikachagua kisanduku ambacho kichwa chake kiliingia vizuri katika tundu la redio. Ndicho kipimo pekee nilichotumia! Kilikuwa cha volti 12, na redio ilitaka 9. Tena, na hili ndilo lililoua, redio ile ilitaka ncha hasi iwe katikati ya kichwa na chanya iwe nje, nacho kisanduku kilikuwa kinyume chake. Alama ilikuwapo mgongoni mwa redio: kiduara kidogo chenye nukta katikati, pamoja na vialama vya kujumlisha na kutoa. Nilikuwa nimeiona miaka yote nikadhani ni nembo ya kiwanda.

Redio ilisema neno moja, au nusu ya neno, kisha ikatoa harufu. Baba hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, shuleni hawakuwafundisha kusoma kilichoandikwa nyuma?"

Ilikaa kwa fundi majuma matatu kungoja kipande. Katika majuma hayo binamu yake wa upande wa mama alifariki huko Laikipia, na wenye msiba, ambao hawakuwa na namba ya simu yake, walitangaza redioni jioni kama ilivyo desturi. Mzee alipata habari kwa utingo wa matatu, siku mbili baada ya maziko. Alikwenda hata hivyo, akakaa na wafiwa, akaeleza sababu ya kuchelewa. Sijui alielezaje.

Basi, kabla ya kununua kisanduku, soma vitu vitatu mgongoni mwa redio: volti ngapi, ampea ngapi, na ile alama ya kiduara. Volti lazima zilingane. Alama lazima ilingane. Ampea za kisanduku zaweza kuzidi zile za redio bila madhara, maana redio huchukua kiasi inachotaka, lakini zisipungue. Na ukiweza kupata kilichoandikwa kwamba kina kidhibiti, lipa hiyo ziada.

Siku hizi visanduku vizito vinaadimika. Vilivyojaa madukani ni vile vyepesi vya jamii ya chaja za simu. Hivi hufuata njia nyingine: huichukua stima yote ya 240 bila kuishusha, huigeuza kuwa ya njia moja ya volti kama 340, kisha huikatakata mara makumi ya maelfu kila sekunde na kuipitisha katika transfoma ndogo kama kipande cha sabuni. Kadiri umeme unavyokatwa upesi ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo. Ni kazi ya akili, hupoteza umeme kidogo, na volti zake hazipandi ovyo. Mvumo ule wa nyuki huna haja ya kuuogopa. Lakini kukatakata kule hutoa kelele zake hewani, na kelele hizo huangukia katika masafa ya kati na masafa mafupi, palepale ambapo redio husikiliza. Mwenye kisanduku chepesi kilichotengenezwa ovyo husikia mchakarisho kama wa mahindi makavu juu ya baadhi ya vituo, lakini akienda FM hausikii. Chaja ya simu iliyo karibu, na hata taa hizi mpya zisizokula umeme mwingi, huweza kuleta mchakarisho huohuo. Zima kimoja kimoja utamjua mwizi. Dawa yake ni kisanduku bora, au kuisogeza redio mbali nacho.

Nimeulizwa pia habari za betri za gari na za jua, hasa kwa ajili ya mashine za kukuza sauti kanisani. Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Ina vyumba sita vya volti 2 kila kimoja. Ikijaa na kupumzika hupima 12.6 hivi, ikishuka kufikia 12 imekwisha kuchoka, na wakati wa kuchajiwa hupanda kupita 14. Umeme wake ni safi kama wa mawe, na kwa kazi ya sauti hakuna kinachoushinda. Lakini usiikaribie kwa mchezo. Spana ikiangukia ncha zake mbili huwaka nyekundu kabla hujasema lolote, kwa hiyo weka fyuzi karibu kabisa na betri.

Tatizo la makanisa ni hesabu. Kamati hununua mashine ya wati 100 na betri ya ampea 50 kwa saa, na ibada ifikapo katikati, mhubiri hubaki akipiga kelele kwa koo lake mwenyewe. Mashine ya namna ya kawaida ikitoa wati 100 za sauti huvuta betrini kama wati 160, yaani ampea 13 na zaidi. Betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu yake kama mwataka iishi miaka. Basi mna ampea 25 tu za kutumia, na hizo haziishi saa mbili kwa sauti ya juu kabisa. Mahubiri na nyimbo hazivuti juu kabisa kila wakati, kwa hiyo mtapata saa nyingi zaidi ya hapo. Kwaya ya vijana yenye gitaa la besi, hiyo ihesabiwe peke yake.

Wengine huigeuza betri ya 12 kuwa 240 kwa inveta, kisha mashine huishusha tena 240 kuwa volti chache. Ni kama kupeleka mahindi yako Mombasa ili uyanunue tena sokoni kwenu. Kila safari hupunguza gunia. Tena inveta za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya mashine huvuma kwa sababu hiyo. Nunueni mashine inayokubali volti 12 moja kwa moja. Na bamba la jua msiliunge kwenye redio wala mashine bila betri na kidhibiti cha chaji katikati, hata kama limeandikwa ni la volti 12. Bamba hilo likikaa juani bila mzigo hutoa volti kama 21.

Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis aliunda redio isiyotaka lolote katika haya, ya kuzungusha mkono na kukaza kamani kama ya saa. Alikuwa ameona katika televisheni jinsi habari za UKIMWI zilivyoshindwa kuwafikia watu Afrika kwa kukosa betri. Nimewahi kuishika moja; ni nzito, lakini huanza kusema bila kumdai mtu senti.

Jambo moja kwa wale waliorithi redio za taa za vioo. Msifungue nyuma hata kama waya umechomolewa. Kapasita zake huweza kushika volti 300 baada ya kuzimwa, na baadhi ya redio hizo zilitengenezwa hivi kwamba chuma chote cha ndani kimeungwa na waya wa stima. Mpelekeeni fundi mzee anayezijua.

Na bwana wa Meru, apime hivi: ashike kile kisanduku mkononi. Kikiwa kizito, apunguze sauti ya redio mpaka mwisho. Nyuki wakibaki, anunue kingine chenye kidhibiti, cha volti na alama zilezile. Kikiwa chepesi, ajaribu FM kwanza. Ikishindikana, aniandikie tena, lakini safari hii anakili maneno yote yaliyo mgongoni mwa redio yake pamoja na kile kiduara.